Umeandikiwa G1P0: mambo ya kujua kabla mimba ya kwanza haijakufikisha leba

Kadi ya kliniki inapofunguliwa, muuguzi huuliza maswali upesi upesi, kisha huandika juu kabisa G1P0, au neno zima: primigravida. Wapo wanaoandika PG tu, wakamaliza. Wengi hutoka chumbani bila kujua wameandikiwa nini, na wengine hubaki na wasiwasi kwamba limetajwa jina la ugonjwa. Ni hesabu tu. Lakini ni hesabu inayoamua mengi: mara ngapi utaitwa kliniki, presha yako itafuatiliwa kwa ukaribu gani, na siku ya uchungu utasubiriwa saa ngapi kabla ya watu wa leba kusema umechelewa.

Neno ni la Kilatini. Primus ni "wa kwanza", na kwa mwanamke husemwa prima. Gravida ni mwenye mimba, nalo limetokana na gravis, yaani "-zito". Warumi walimtaja kwa uzito aliobeba, kama nasi tunavyosema mjamzito. Wakiwa wengi huitwa primigravidae. Kando yake kuna neno jingine linalotembea nalo kila mahali, na ndilo linalowachanganya watu: parere, kuzaa, lililotupa kipande cha -para. Aliyezaa mara moja ni primipara, ambaye hajazaa ni nullipara (nullus ni "hakuna"), na aliyezaa zaidi ya mara moja ni multipara. Kwa hiyo -gravida, ile G, huhesabu kushika mimba, na -para, ile P, huhesabu kuzaa. Ukishaiona tofauti hiyo, nusu ya maandishi ya kwenye kadi yanasomeka.

Hata wenye taaluma hulegea hapa. Leba, kila anayekuja kuzaa kwa mara ya kwanza huitwa "primi", basi. Kwa maana halisi, mwenye mimba ya kwanza ni primigravida lakini bado ni nullipara mpaka mtoto atoke. Akitoka ndipo mama anakuwa primipara. Naye aliyeshika mimba mwaka juzi ikatoka wiki ya 9, na sasa ana nyingine, si primigravida tena. Huyo ni G2P0. Hata hivyo mlango wake wa kizazi haujawahi kufunguka kumpitisha mtoto aliyekomaa, kwa hiyo uchungu wake utakwenda kama wa mimba ya kwanza. Ukimsikia mtu akimwambia, "wewe hii ni ya pili, utazaa haraka," ameisoma G akadhani ni P.

Mimba zote huingia kwenye G: iliyotoka yenyewe, iliyotolewa, iliyotunga nje ya kizazi, mimba zabibu, na hii uliyo nayo sasa. P huhesabu zile zilizofika umri ambao mtoto angeweza kuishi nje, awe alizaliwa hai au mfu. Umri huo haulingani kila mahali. Marekani hutumia wiki 20, Uingereza wiki 24, na kwingine bado ni wiki 28. Pacha ni uzazi mmoja. Chukua mama mwenye mimba ya tatu, ambaye ya kwanza ilitoka wiki ya 9 na ya pili alijifungua pacha wiki ya 36, wote wawili wazima. Ataandikwa G3P1+1, ile +1 ya mwisho ikiwa ni mimba iliyotoka. Kliniki zinazotumia mfumo mrefu zaidi zitaandika kwamba uzazi wa mimba iliyotimiza wiki 37 ni 0, wa kabla ya wiki 37 ni 1, mimba zilizotoka ni 1, watoto walio hai ni 2. Tarakimu moja ikikosewa, historia nzima inageuka.

Na tarakimu inayokosewa mara nyingi zaidi ni hiyo G, kwa sababu swali huulizwa mbele ya mume, mama mkwe au shoga aliyekusindikiza. Mtu aliyewahi kupoteza mimba ambayo hakuna aliyeijua hujibu "hii ni ya kwanza", na kadi inaandikwa G1. Simlaumu hata kidogo. Lakini jambo hilo lina uzito wake kitabibu. Kundi la damu likiwa na Rhesus hasi, yaani lenye alama ya kutoa kama O-, mimba iliyotangulia, hata iliyotoka, inaweza kuwa ilikwisha kuufundisha mwili kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, na mimba ya sasa ikaathirika. Kizazi kilichowahi kusafishwa nacho kinaweza kuwa na kovu ndani, na kovu huathiri mahali kondo la nyuma linaposhika. Njia rahisi ni kumwambia muuguzi kwamba unataka kwenda chooni au kupimwa uzito, kisha mkiwa wawili unamweleza. Unaweza kumwomba asiandike kwenye kadi unayobeba bali kwenye faili linalobaki kituoni. Ombi hilo si geni kwao.

Kitu cha pili cha kwenda nacho siku ya kwanza ni tarehe: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Si siku ilipokauka, wala siku unayodhani mimba iliingia. Hesabu inayotumika imepewa jina la daktari wa uzazi wa Ujerumani, Franz Naegele, aliyefariki 1851: chukua siku hiyo, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, songa mbele mwaka 1. Hedhi iliyoanza tarehe 10 Mei inakupa tarehe 17 Februari. Hizo ni takriban siku 280, na hesabu inachukulia kwamba mzunguko wako ni wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 huongeza wiki nzima. Kama tarehe huikumbuki, au ulishika mimba mara tu baada ya kuacha njia ya uzazi wa mpango, omba ultrasaundi kabla ya wiki 14. Wakati huo mtoto hupimwa urefu kutoka utosini hadi matakoni, na makosa ya kipimo hayazidi siku chache. Ultrasaundi ya mwezi wa nane haikusaidii kupata tarehe; kwa umri huo inaweza kukosea kwa wiki mbili hadi tatu, kwa kuwa watoto hukua tofauti. Ukisha kupata tarehe ya kipimo cha mapema, usikubali ibadilishwe na kipimo cha baadaye. Ni kosa la kawaida sana, nalo humfanya mtu aanzishiwe uchungu mimba ikiwa bado, au asubirishwe imepitiliza.

Tarehe hiyo, kwa uzazi wa kwanza hasa, ichukuliwe kama katikati ya kipindi. Mimba ya kwanza ina mazoea ya kupitiliza siku kadhaa. Ukiwatangazia ndugu tarehe kamili, wiki ya mwisho simu zitakumaliza kuliko uzito wa tumbo. Wape mwezi tu.

Mahudhurio nayo hayafanani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka mahudhurio 8: la kwanza kabla ya wiki 12 kutimia, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Uingereza hutofautisha waziwazi: ambaye hajazaa hupangiwa miadi 10, aliyezaa 7, mimba zote zikiwa hazina tatizo. Sababu ni kwamba aliyezaa ana historia ya kusomwa. Kwako hakuna anayejua presha yako hufanya nini mimba ikikua, nyonga yako inapitisha mtoto wa kilo ngapi, au kizazi chako hujifunga vipi baada ya kujifungua. Kinachoweza kujulikana kitajulikana kwa kupimwa mara kwa mara, na ndiyo maana kuruka miadi kwa sababu "sijisikii vibaya" ni hesabu mbovu. Najua kila miadi ina nauli yake na siku ya kazi inayopotea. Kama huna budi kuruka, usiruke zile za kuanzia wiki ya 30 kwenda mbele.

Ni presha inayonifanya niseme hivyo. Kifafa cha mimba, pamoja na presha inayokitangulia, huwapata zaidi walio katika mimba ya kwanza. Kuanzia wiki ya 20, presha ikifika 140/90 au ikapita, ikapimwa tena ikabaki pale pale, na mkojo ukaonyesha protini, hilo ni tatizo lenye jina, pre-eclampsia, na matibabu yake. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni haliumi. Wengi husema walijisikia wazima kabisa siku presha yao ilipokutwa 160. Kwa hiyo kila hudhurio hakikisha mambo mawili yamefanyika: presha imepimwa ukiwa umekaa, umepumzika kwanza, mkono ukiwa usawa wa moyo; na mkojo umetumbukizwa kijiti. Kama kimoja kimerukwa kwa sababu foleni ni ndefu, uliza kabla hujaondoka. Nyumbani, maumivu makali ya kichwa yasiyosikia dawa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya kifua upande wa kulia, au uso na mikono kuvimba ghafla ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Miguu kuvimba jioni peke yake ni jambo la kawaida.

Kuna kinga pia, na haitajwi vya kutosha. Mimba ya kwanza huhesabiwa kuwa kihatarishi kimoja cha kadiri. Kikijumlishwa na kingine, kama umri wa miaka 40 na zaidi, unene mkubwa, mimba ya pacha, au mama au dada aliyewahi kupata tatizo hilo, daktari anaweza kukuandikia aspirini ya kiwango kidogo, kwa kawaida kati ya miligramu 75 na 150 kwa siku. Huanzwa baada ya wiki ya 12, na vizuri iwe kabla ya wiki ya 20. Ikianzwa mwezi wa saba faida yake imekwisha kupungua sana. Basi swali "je, nastahili aspirini?" liulizwe hudhurio la kwanza au la pili. Na usijinunulie mwenyewe, maana aspirini haimfai kila mtu.

Mahali penye malaria, neno primigravida lina maana ya pekee. Mtu mzima aliyekulia humo huwa amejenga kinga ya kiasi, lakini kondo la nyuma ni kiungo kipya, na vimelea vya malaria vina namna yao ya kung'ang'ania ndani yake ambayo mwili haujawahi kuiona. Kinga ya hapo hujengeka mimba baada ya mimba, kwa hiyo wa kwanza ndiye anayeathirika zaidi: damu hupungua, mtoto huzaliwa na uzito mdogo, na mara nyingine mama hana hata homa. Hapa G ndiyo yenye neno kuliko P. Vidonge vya SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, huanza mimba ikiingia wiki ya 13, kila dozi ikipishana na nyingine mwezi mmoja au zaidi, na angalau ziwe tatu mpaka kujifungua. Chandarua chenye dawa ni kila usiku. Anayetumia kotrimoksazoli (Septrini) hapewi SP. Vidonge vya foliki asidi vya miligramu 5 navyo huidhoofisha SP. Cha kawaida cha wajawazito ni cha miligramu 0.4, pamoja na madini ya chuma miligramu 30 hadi 60, kila siku. Chuma kikikutapisha, kimeze usiku baada ya chakula, usikichanganye na chai. Kinyesi kuwa cheusi ni kawaida.

Mtoto kucheza huanza kusikika kati ya wiki ya 18 na 20 kwa aliye na mimba ya kwanza. Aliyezaa huweza kuhisi hata wiki ya 16. Si kwamba mtoto wa kwanza ni mvivu. Mama hajui bado anatafuta nini, na mara nyingi mapigo ya mwanzo huyadhani ni gesi. Basi jirani akisema wake alicheza mapema, mwache. Kuanzia wiki ya 28 shika desturi ya mtoto wako mwenyewe: anachangamka saa ngapi, kwa nguvu gani. Akipungua kuliko alivyokuzoesha, unakwenda siku hiyo hiyo. Kunywa maji ya baridi na kungoja kesho kumewagharimu watu.

Karibu na wiki ya 36 hadi 38, kichwa cha mtoto wa kwanza kwa kawaida hushuka na kuingia kwenye nyonga. Unapumua vizuri kuliko mwanzo, kiungulia kinapungua, na haja ndogo inakuwa ya kila mara. Kwa waliozaa, kichwa kinaweza kukaa juu mpaka uchungu uanze. Kwa hiyo mkunga akikubonyeza tumbo wiki ya 38 akakuta kichwa bado kinaelea, hapuuzi. Kwanza atakuambia ukakojoe, maana kibofu kilichojaa kinatosha kukizuia. Kisha ataangalia kama tarehe ni sahihi, kama mtoto amelalia mgongo wa mama, kama kondo limekaa chini, au kama kichwa na nyonga havilingani. Wengi kati ya hao huishia kuzaa kawaida, kwa hiyo kichwa kilicho juu ni sababu ya kuchunguzwa, bado si sababu ya kupasuliwa.

Wiki hizo hizo za mwisho kuna kazi ndogo ya nyumbani inayowafaa zaidi ambao hawajazaa: kusugua msamba, yaani nyama iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, kuanzia wiki ya 34 au 35. Mikono safi, mafuta yasiyo na manukato, kidole gumba kinaingia ukeni kama sentimita 3 na kuvuta taratibu kuelekea chini na pembeni, dakika chache, mara moja au mbili kwa wiki. Utafiti unaonyesha hupunguza michubuko inayohitaji kushonwa kwa wanaozaa kwa mara ya kwanza. Si lazima, wala haina uchungu ikifanywa polepole. Wenye maambukizi ukeni, au waliotokwa damu, au waliopasukiwa chupa ya maji ya uzazi, wasifanye.

Sasa uchungu wenyewe, na hapa ndipo kutojua kunapogharimu zaidi. Wiki kadhaa kabla, tumbo hukaza na kuachia bila mpangilio. Mikazo hiyo ina jina la daktari Mwingereza John Braxton Hicks, aliyeieleza 1872. Ukitembea hupungua, ukilala hupotea. Uchungu wa kweli huzidi ukitembea, hukaribiana, hurefuka, na mara nyingi huanzia mgongoni kuja mbele. Lakini hata ukiwa wa kweli, kuna kipindi kirefu cha mwanzo ambacho njia haifunguki kwa kasi, na kwa mimba ya kwanza kinaweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima au kuzidi.

Sababu iko kwenye mlango wa kizazi. Kabla ya uchungu ni kama mrija mnene wa sentimita 3 hivi, umeelekea nyuma, na kidole cha mkunga kikiugusa hukuta kitu kigumu kama ncha ya pua. Kwa anayezaa mara ya kwanza, huo mrija lazima kwanza ulainike, usogee mbele, ufupike, na uwe mwembamba kabisa. Ndipo tundu lianze kupanuka. Aliyezaa hufanya yote kwa pamoja, hupungua unene huku akifunguka. Ndiyo maana unaweza kuumwa usiku kucha, ukapimwa njia asubuhi, ukaambiwa "sentimita 2". Wanawake hulia kwa kauli hiyo. Muulize mkunga swali la pili: mlango umepungua unene kiasi gani? Kama jana ulikuwa mrefu na leo ni mwembamba, kazi kubwa imefanyika, ingawa sentimita hazijasogea.

Kwa hiyo usikimbilie leba na mkazo wa kwanza. Kama mimba haina tatizo na hospitali haiko mbali, subiri mpaka mikazo ije kila baada ya dakika 5, kila mmoja ukidumu dakika 1, na hali hiyo iendelee saa 1 nzima. Hesabu kutoka mwanzo wa mkazo mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Wengi huhesabu kutoka mwisho wa mmoja, wakajidanganya. Wakati huo kula chakula chepesi, kunywa maji, kojoa kila saa mbili, lala katikati ya mikazo ukiweza. Anayeingia mapema mno huanza kuhesabiwa saa mapema mno, na mwisho huonekana "hafunguki" kumbe hata hajaanza. Ila kuna mambo yasiyongoja hesabu yoyote: damu inayotoka kama hedhi, chupa kupasuka, maji ya kijani au ya kahawia, mtoto kutocheza, kichwa kuuma na macho kuona ukungu, au mimba ambayo haijafika wiki 37. Chupa ikipasuka andika saa, weka pedi safi, usiingize chochote, nenda.

Kuhusu muda, maneno mengi ya leba yamezaliwa na mimba za kwanza. Emanuel Friedman wa New York alichapisha 1955 michoro ya uchungu wa primigravidae 500, na ndiko sheria ya kufunguka karibu sentimita 1 kwa saa ilikopata nguvu. Mwaka 1972 Philpott na Castle, wakifanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, walichora mistari miwili juu ya karatasi ya mchoro kama huo, mmoja wa tahadhari na mwingine wa kuchukua hatua ukiwa saa 4 mbele yake, nao walianza na primigravidae vilevile. Karatasi hiyo, patografu, ndiyo iliyoning'inizwa miguuni pa vitanda dunia nzima. Lengo lao lilikuwa jema: mkunga aliye mbali na chumba cha upasuaji ajue mapema nani wa kuhamishwa.

Baadaye ilionekana kwamba wanawake wengi wenye afya hufunguka polepole kuliko mstari, hasa kabla ya sentimita 5, na wakazaa salama. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema uchungu kamili uhesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwamba kwa uzazi wa kwanza kipindi cha kutoka hapo hadi kufunguka kabisa kwa kawaida hakizidi saa 12, na kwa unaofuata saa 10. Kufunguka chini ya sentimita 1 kwa saa peke yake si sababu ya kuongezewa dripu ya uchungu wala kupasuliwa, mradi mapigo ya mtoto na hali ya mama viko sawa. Fomu mpya ya shirika hilo ya 2020 ina kikomo kwa kila hatua: ukiwa sentimita 5 tahadhari ni baada ya saa 6 bila mabadiliko, sentimita 7 ni saa 3, sentimita 9 ni saa 2. Mwenzako wa kukusindikiza akizijua namba hizi, anaweza kuuliza kwa heshima: "Dada, alipimwa saa ngapi, akiwa sentimita ngapi, na mapigo ya mtoto yakoje?" Swali la namna hiyo hujibiwa. Kelele hazijibiwi.

Kusukuma nako kuna muda wake: mpaka saa 3 kwa uzazi wa kwanza tangu njia ifunguke yote, saa 2 kwa wengine. Kosa linalojirudia ni kusukuma kabla, kwa sababu hamu ya kusukuma inaweza kuja ukiwa sentimita 8. Mlango ukikandamizwa huvimba, na badala ya kufunguka unaziba. Lala kwa ubavu, pumua kwa pumzi fupi fupi mpaka upimwe. Njia ikishafunguka, kuchuchumaa, kupiga magoti au kulala ubavu vyote vinakubalika. Si sharti uwe chali. Utajisikia kama unataka haja kubwa, na pengine itatoka kweli. Wakunga hawashangai. Kuongezewa njia kwa mkasi si jambo la kufanyiwa kila primigravida, ingawa mahali pengine lilikuwa desturi. Lifanyike pakiwa na sababu, ukiwa umeelezwa na kupigwa ganzi.

Mtoto akitoka utachomwa sindano ya oksitosini, uniti 10, kizazi kijikaze. Kitovu kisubiri angalau dakika 1 kabla ya kukatwa, na mtoto awekwe kifuani anyonye ndani ya saa ya kwanza. Dang'a ni kidogo na ni nzito, na hayo machache yanamtosha siku hizo. Maziwa mengi huja siku ya 3, na kwa uzazi wa kwanza huweza kukawia mpaka ya 4. Katika pengo hilo ndipo chupa na maziwa ya kopo huletwa na watu wenye nia njema. Hesabu nepi zilizoloa kabla ya kukubali: siku ya 2 angalau mbili, siku ya 3 angalau tatu, na mtoto apimwe uzito. Chango la baada ya kuzaa, lile la tumbo kukaza mtoto akinyonya, kwako litakuwa jepesi. Huwa kali zaidi kwa waliozaa mara nyingi.

Siku 40 na ushee zinazofuata, madaktari huziita puerperium, kutoka puer, mtoto, na ile ile parere. Presha inaweza kupanda tena kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati wengi wamekwisha ruhusiwa, kwa hiyo dalili za kichwa na macho bado zina nguvu zile zile. Machozi ya siku za kwanza hupita. Yakizidi wiki mbili, au ukikosa usingizi hata mtoto akilala, au ukiona mawazo ya kujidhuru, huko ni kuumwa na kunatibika. Mwenye Rhesus hasi aliyezaa mtoto mwenye chanya achomwe anti-D, sindano inayozuia mwili kutengeneza ile kinga dhidi ya damu ya mtoto, ndani ya saa 72.

Kabla hujaruhusiwa, nakili mambo haya kwenye kadi yako, maana faili hubaki na majengo huhama: tarehe, wiki za mimba, uzito wa mtoto, saa za uchungu, kiasi cha damu, kama ulichanika na kiasi gani, na kundi lako la damu. Kama ulipasuliwa, uliza sababu yake na uliza kizazi kilikatwa kwa mlalo chini au kwa wima. Kovu la ngozi haliwezi kukuambia, na mkunga atakayekuandika G2P1 hilo ndilo swali atakaloanza nalo.